Majani ya Manjano Sebuleni kwa Mama Godelieve

Wachuuzi wa samaki wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, wanajua jambo moja: Mama Godelieve hadanganyiki. Ukimletea sangala aliyelala siku mbili ukamwambia ametoka majini alfajiri, hakupigii kelele. Anafunua shavu la samaki kwa kidole, anakutazama, anatazama tena shavu, mpaka wewe mwenyewe unainua beseni lako na kwenda kumtafuta mjinga mwingine. Miaka thelathini ya kutia samaki chumvi imempa mikono migumu, goti la kushoto lisilotaka tena kukunjwa, na subira ya mtu anayekungoja uaibike mwenyewe.

Sasa mtu huyo huyo, usicheke, alikuwa na ua ndani ya nyumba. Ua la kweli, lenye mizizi. Alilitoa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka ule waliporudishwa kwa meli kutoka Kigoma. Muuguzi mmoja wa kambini alikuwa nalo dirishani, akamkatia kijiti chenye majani matatu. Melini wenzake walipakia magodoro, mabati na baiskeli. Yeye alishika kijiti kilichofungwa kitambaa chenye maji. Walimcheka kutoka Kigoma mpaka Baraka. Aliwajibu mara moja tu, kwamba godoro haliwezi kuota.

Kijiti kikaota. Akakitia ndani ya kopo kubwa la mafuta ya msaada, akalitoboa chini kwa msumari ili maji yapate njia, akakifungia kamba ukutani. Kikapanda, kikapita juu ya picha ya marehemu mumewe, kikageuka kona na kuelekea mlangoni. Jina lake la kitabuni hakuna aliyelijua. Wageni waliingia, wakayagusa yale majani mapana, wakashtuka kuona si plastiki, kwa sababu huku kwetu ua la sebuleni ni la plastiki, linakaa juu ya kitambaa cha kufuma, na Jumamosi linaoshwa kwa sabuni ya unga pamoja na sahani. Wakamwonya kwamba mmea ndani ya nyumba unaita nyoka. Aliwauliza huyo nyoka mbona amechelewa miaka yote hiyo.

Baada ya Pasaka mwanawe Lionel, fundi wa mota za mitumbwi, akaleta mke. Tania huyo, kutoka Kilembwe, kule ndani, mbali na ziwa. Msichana mrefu, mchapa kazi, wa maneno machache. Hata mwezi haukuisha Lionel akaitwa Kalemie kutengeneza mota za tajiri mmoja, na bibi-arusi akabaki na mama mkwe, tumboni mimba changa. Godelieve alimpenda upesi kuliko alivyotaka kukubali. Alimfundisha kupasua sangala kwa mgongo, akamwonyesha chumvi inavyosuguliwa, na msichana alishika kazi bila kuambiwa mara mbili.

Ila kulikuwa na Rosette. Rosette ni dada ya marehemu, kwa hiyo ni wifi wa Godelieve na shangazi wa Lionel, na nyumba yake ni ya tatu kutoka pale. Mtu wa maombi na kufunga, asiyesema uongo hata wa kumsifu mtoto mchanga. Jumatatu na Alhamisi, akitoka chumba cha maombi anamokusanyika na wenzake, alipitia kwa wifi yake, akakaa kiti kile cha pembeni, kando ya ua, akauliza habari za Lionel. Tangu mwanzo hakumtaka Tania. Alikuwa amekwisha kumtafutia Lionel binti mwingine, mwimbaji wa kwaya, na Lionel akamponyoka. Jambo hilo lilimkaa kooni.

Jani la kwanza liligeuka manjano mwezi wa sita. Lilikuwa la chini kabisa, la zamani, na Godelieve alilichuma bila kufikiri, maana jani likizeeka huondoka. Juma lililofuata yakawa manne. Juma jingine yakawa tisa, na ncha zake zilikauka kahawia kama zimepitishwa motoni. Rosette aliyaona siku ile ile. Akaanza kuhesabu kwa vidole: mbuzi wa kaka yake Placide alikufa mwezi wa nne, mota ya Lionel ilizama mwezi wa tano, na sasa kitu chenye uhai kinafia ndani ya nyumba. Na nani aliingia nyumba hii baada ya Pasaka?

Neno lenyewe alilisema kwanza katika maombi, kwa kunong'ona. Kisha akalisema kwenye uwanja wa kuanikia samaki, asubuhi, ambako bamama arobaini wanageuza ndakala, dagaa wa huku, na masikio yao hayana kazi. Mulozi. Mchawi, ndiyo. Huku kwetu neno hilo si la kuchezea. Mwanamke akishaitwa hivyo, kisimani wanampisha bila salamu, watoto wanavutwa mkono akipita, na siku mtu akiumwa ghafla, vijana wanajua mlango wa kwenda kuupiga mawe. Placide, mkubwa wa jamaa, akatangaza mkutano wa Jumamosi. Tania atarudishwa Kilembwe, alisema, kwa amani. Amani gani? Habari ingefika Kilembwe kwa simu kabla yeye hajafunga mfuko wake, na huko kwao angepokelewa na lile jina mlangoni, yeye na mimba yake.

Godelieve aliposikia, Jumatano, alikasirika mpaka akaunguza sombe, majani yake ya muhogo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alikaa akaitazama sufuria. Kisha akasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemwuliza, kwamba kama ni jani linalomshtaki mtoto wa watu, basi jani lenyewe litasema lina nini. Siku tatu zilikuwa zimebaki.

Akaanza vile anavyomkagua samaki. Kwanza maji. Watu wengi huua maua kwa kuyapenda, wanayanywesha kila wakipita, mizizi inaoza na majani yanalegea manjano. Akachomeka kidole udongoni mpaka kifundo cha pili: unyevu kiasi, si tope. Akanusa kidole. Hakikunuka uozo. Akainua kopo, akaingiza njiti katika matundu ya msumari, yote yalikuwa wazi. Lile ua lilinyweshwa Ijumaa tu, miaka yote, na mkono wa kulinywesha ulikuwa wake peke yake. Basi, si maji mengi. Kiu nayo ingelikausha lote na kulikunja, na hili halikuwa limejikunja.

Akaja kwa mwanga. Dirisha ni lile lile, pazia ni lile lile, mti wa jirani ulikuwa umekatwa tangu mwaka jana na mwanga ulizidi badala ya kupungua. Akaja kwa wadudu. Akayageuza majani moja moja, akiwasha taa ya simu, akapitisha kitambaa cheupe chini yake. Kitambaa kilitoka na vumbi tu. Kwa goti lile, kupanda juu ya kiti na kushuka mara kumi na mbili haikuwa mchezo, na kila aliposhuka alimtukana Rosette kidogo, kwa adabu, kwa sababu ya marehemu.

Tania alikuwa amesimama mlangoni wakati wote, mikono nyuma. Ghafla akapiga magoti na kulia. Ilitoka vipande vipande: ni yeye. Juma lake la kwanza katika nyumba ile, Jumamosi, alitaka mama mkwe aone kwamba amelelewa vizuri. Akachukua maji, akatia sabuni ya unga, akaosha lile ua jani kwa jani, kama anavyoosha maua ya kwa mama yake mdogo Kilembwe. Alijua tu kwamba lina uhai alipovunja jani moja na likatoa maji. Alisuuza haraka na hakumwambia mtu. Tangu majani yaanze kugeuka alikuwa hapati usingizi, na sasa alikuwa ameanza kuamini kwamba pengine mkono wake una kitu.

Godelieve alicheka mpaka akashika ubavu. Alimwona akilini huyu msichana mrefu akipiga sabuni mmea mzima, kwa bidii, mpaka juu ya picha ya marehemu, na machozi yakamtoka. Lakini alipomaliza kucheka alifikiri, kwa sababu kitu hicho kilikuwa na uzito. Sabuni inaweza kuunguza jani, kweli. Ila Jumamosi ile ilikuwa mwezi wa nne. Baada ya hapo ua lilitoa majani mapya matano, yote kijani, yeye mwenyewe aliyahesabu. Kitu kinacholiua kilianza baadaye, na kilikuwa kinarudi.

"Simama," alimwambia. "Mukono yako haina kitu. Uliosha ua, basi. Sasa nisaidie kutafuta."

Walipata Ijumaa, mchana, jua lilipoingia dirishani kwa upande. Tania alikuwa ameshika kopo wakati Godelieve anakata kamba ili alishushe chini. Ndani ya ukingo wa bati, pale udongo unapoanzia, kulikuwa na mstari mweupe. Godelieve alidhani ni chokaa ya ukutani. Akaukwangua kwa ukucha, akausugua kati ya vidole viwili, akaacha kusugua. Vidole vyake viliujua ule weupe kabla kichwa hakijaujua. Vilikuwa vinaushika kila siku ya Mungu.

Akauweka ulimini. Kisha akachota udongo wenyewe, chembe ndogo, akauonja nao, akautema ndani ya kitambaa.

Chumvi.

Alikaa chini kabisa, sakafuni, bila kuuliza goti. Chumvi yake yeye ni ile ya Uvinza, ya mawe mawe, inakaa guniani katika jiko la nje, na maji yake, yakishapita kwenye samaki, yananuka hata baada ya juma. Udongo huu haukunuka samaki. Hii ilikuwa chumvi laini ya mezani, iliyoyeyushwa na kumwagwa, kidogo kidogo, mara nyingi. Chumvi inanyonya maji. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote: kuweka chumvi juu ya nyama ya samaki ili maji yatoke. Mizizi ilikuwa imekaa ndani ya maji ikifa kiu, na majani ya chini yalitangulia, ncha zikaungua, vile vile alivyoona.

Na nani hukaa kando ya kopo lile, Jumatatu na Alhamisi, na chupa ya maji ya maombi ndani ya mkoba? Alikuwa anamwona siku zote. Tangu mota ya Lionel izame, Rosette akiingia hunyunyiza mlangoni na kwenye pembe za sebule, midomo ikicheza, na Godelieve humwacha, maana maombi hayakatazwi. Kila mtu wa chumba kile anajua maji yao yanatiwa chumvi kabla ya kuombewa. Hakuwa amejiuliza hata siku moja yale yanayobaki chupani huenda wapi. Tania alitaka waende kwa shangazi saa ile ile, wamwambie kwa upole, yaishe. Godelieve akakataa. Alitaka kila aliyeitwa kumhukumu yule mtoto awe amekaa kitini.

Jumamosi saa nne walikaa. Placide kiti kikubwa, Rosette pembeni, wazee wawili wa ukoo, Lionel kwenye simu iliyowekwa juu ya meza akipiga kelele kutoka Kalemie mpaka wakampunguza sauti. Tania aliambiwa akae mkekani. Godelieve akavuta kiti, akamkalisha juu yake. Placide akafungua kwa sala. Akasema jamaa haitaki fujo, inataka tu msichana atubu na kuondoka salama. Rosette akataja mbuzi, akataja mota, akanyoosha kidole kwa yale majani ya manjano, ushahidi unaoonekana kwa macho.

Godelieve alinyanyuka, akalibeba kopo kwa mikono yote miwili, akaliweka juu ya meza mbele ya Placide. Akampa kijiko cha chai chenye udongo.

"Onja, shemeji."

Placide alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. Lakini alikuwa anamjua miaka mingi. Akaweka udongo kidogo ulimini, uso ukakunjamana, akasema ni chumvi. Kijiko kikazunguka. Wazee wote wawili wakaonja, wakakubaliana, mmoja akaomba maji ya kusukutua.

Godelieve hakumgeukia Rosette kwa hasira. Alimgeukia kama mtu anayeuliza bei. "Wifi, ukimaliza kunyunyiza, maji yenye inabakia mu chupa unaimwanga wapi?"

Hapo ndipo wengine wangedanganya. Rosette si mtu wa kudanganya, wacha nimpe haki yake. Akatazama kopo, na kila mtu aliona namna alivyolitazama.

"Mu ile kopo," alisema. "Maji ya maombi haimwangwe chini, fasi batu banakanyaga."

Ndivyo ilivyo kweli katika chumba chao. Maji yaliyoombewa hayakanyagwi. Yanamwagwa mahali penye heshima, na sebuleni pale mahali penye heshima palikuwa ni hapo tu. Tangu mwezi wa tano, mara mbili kwa juma, kwa moyo safi kabisa, alikuwa akimpiga vita mchawi na kuliua ua, kisha akilionyesha lile ua kama ushahidi wa mchawi.

Usidhani alishindwa upesi. Alijikusanya, akasema maji ya Mungu hayaui kitu cha Mungu. Kama yameyaunguza yale majani, basi ndani ya majani kulikuwa na kitu kibaya, na aliyekiweka anajulikana. Mzee mmoja akaanza kutikisa kichwa kukubali. Tania akashika ukingo wa kiti.

Godelieve alisema sawa. Rosette ana shamba la sombe kule Lweba, shamba zuri, kila mtu analisifu. Aombee ndoo kumi za maji yale yale, kwa chumvi ile ile, amwage kwenye mashina ya muhogo wake miezi miwili. Shamba likibaki kijani, yeye Godelieve mwenyewe atabeba mfuko wa Tania kichwani mpaka Kilembwe, kwa miguu, na goti lake hilo. Leo hii. Ndoo anazo, chumvi anayo gunia zima.

Alingoja. Unajua anavyongoja. Rosette alifikiria muhogo wake, ikaonekana usoni wazi kwamba anaufikiria, akafunga mkoba wake.

Placide akapumua, akasema basi, yamekwisha, tumshukuru Mungu. Mambo haya yabaki ndani ya nyumba hii. Na Tania, kwa kuwa ni mdogo, apige magoti amwombe shangazi radhi, ili mioyo ilale. Ndiyo desturi. Tania akaanza kuinuka, maana ndivyo alivyolelewa. Mkono mgumu ukamshika begani ukamrudisha kitini.

"Hapigi magoti," alisema Godelieve. "Na haitabakia humu ndani. Ile jina haikutolewa humu ndani. Ilitolewa ku uwanja, mbele ya bamama arobaini, na ni kule itarudishwa. Ao wifi anasema na kinywa yake, ao mi nabeba hii kopo ku kichwa, nasimama ku mulango ya chumba yao ya maombi kila Jumatatu na kila Alhamisi, naonjesha kila muntu mwenye anaingia."

Placide alisema hiyo ni aibu kwa jamaa. Akajibiwa kwamba ndiyo, ni aibu, na iliyo kubwa zaidi ni ile ya kumwambia mtoto wa watu akae mkekani saa moja iliyopita. Alimwambia dada yake ajitayarishe.

Jumapili Godelieve alilichukua ua nje. Akamwaga maji safi ndani ya kopo, ndoo baada ya ndoo, yakipita na kutoka kwa matundu ya chini, akionja yanayotoka mpaka ulimi haukupata kitu tena. Akakata mizizi iliyokuwa nyeusi, akaongeza udongo mpya, akachuma majani yote ya manjano, maana jani likishageuka halirudi kijani, unalitoa tu. Ua likabaki uchi nusu. Kati ya yale majani mapya matano, matatu ya juu yalikuwa mazima.

Jumatatu asubuhi walikwenda uwanjani, Godelieve mbele, Tania nyuma yake. Bamama walikuwa wanageuza ndakala juu ya nyavu, na walipomwona Tania wakasogea, wakaacha nafasi kumzunguka pana kuliko mtu anavyohitaji. Rosette alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amefunga kitenge cha kanisani. Huenda hakuwa amelala, macho yake yalisema hivyo, na Godelieve alimwonea huruma kidogo, lakini hakusogea.

Rosette alisema. Alisema akitazama samaki, kwa sauti ya chini, haraka: kwamba lile ua lilikuwa linakufa kwa chumvi, na chumvi ilikuwa yake, na maneno aliyosema hapa siku zile hayakuwa kweli. Akavuta kitenge, akageuka kuondoka. Walio karibu walikuwa wamesikia. Wengine walikuwa wanaulizana amesema nini.

Godelieve alifungua mdomo, lakini alitanguliwa. Tania alikuwa ametoka nyuma yake, amesimama peke yake katikati ya ile nafasi waliyomwachia, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Shangazi, sema tena. Bale ba nyuma habakusikia."

Rosette alisimama. Bamama wote waliacha ndakala. Akageuka, akawatazama wale wa nyuma, akarudia yote tangu mwanzo kwa sauti ya kusikika, na safari hii akamtaja Tania kwa jina lake.